Kutoka kokwa hadi mche wa kubebesha: shajara ya kitalu cha uani, Muheza

Naandika kwa ajili ya mtu aliye kama nilivyokuwa mimi Januari 2023: ana ua, ana wembe, ana hamu, hana mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Muheza, wilaya ambayo ukiitaja tu watu wanakujibu "machungwa". Nimechagua maembe kwa sababu uani kwa mjomba kuna mwembe mkubwa wa maembe ya nyuzi, ukila moja unashinda unachokonoa meno, na kila mwaka tunaapa kuupandia mwenzake. Mche uliobebeshwa wakati huo uliuzwa shilingi 4,000 mpaka 5,000. Nikasema nitajitengenezea mwenyewe. Kama ilikuwa nafuu au la, hesabu iko huko mwishoni.

Kwa asiyezoea lugha ya vitaluni: kubebesha ni kuunganisha ncha ya mwembe unaoupenda juu ya mche ulioota kwa kokwa. Ncha hiyo tunaiita kikonyo, ule mche wa chini tunauita shina, na pale vinapoungana tunapaita bebeo.

14 Januari 2023. Kokwa 180

Msimu umechanganya, kokwa ni za bure. Nimechukua ndoo mbili kwa muuza juisi stendi na nyingine sokoni. Bodaboda 4,000, viriba (vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche) kilo moja 7,000, mkokoteni wa udongo na mchanga 5,000, samadi iliyooza viroba viwili 6,000. Jumla 22,000.

Nilidhani kokwa unaifukia ilivyo. Jirani akanizuia: gamba gumu litolewe kwanza, upande kiini. Nimekaa kwenye mkeka na mkasi wangu wa zamani wa kukatia vitambaa, nakata ukingo wa gamba kisha nalipasua kwa mkono. Ya tisa au ya kumi hivi nimekuta kiini kimeliwa kikageuka unga mweusi, na katikati yake kamelala kadudu ka kijivu kenye pua ndefu, kanatikisa miguu. Fukusi wa kokwa. Embe lenyewe lilikuwa safi nje na ndani, kwa sababu huyu huingia angali funza, embe likiwa changa, na kidonda kinafunga nyuma yake. Ukipanda kokwa na gamba lake unaweza kuwa unampandia yeye.

Nimefungua zote 180. Zilizoliwa au kuoza ni 61, nimezichoma moto. Viini 119 vimeingia kwenye viriba.

5 Machi 2023. Shingo za bata

Zimeota 84. Karibu zote zilizogoma ni zile za ndoo ya kwanza, niliyoiacha juani wiki mbili nikisubiri viriba. Kiini cha embe hakitunziki kama mahindi, kikikauka kimekufa. Pandeni ndani ya siku chache.

Kosa la pili linaonekana kwa macho. Kiini kina mgongo na tumbo kama figo. Tumbo linatakiwa lilale chini na mgongo utazame juu. Mimi nilivipanda kama vilivyokuja mkononi, na sasa miche kama ishirini imetoka imejipinda shingo kama bata, mmoja umepiga duara zima chini ya udongo kabla haujapata njia. Iliyopinda sana nimeing'oa, maana bebeo litakaa juu ya kona na mti utakuwa na kilema maisha.

Viini vingine vimetoa machipukizi mawili au matatu kila kimoja. Nimeacha lile nene lililonyooka, mengine nimeyakata kwa mkasi. Usiyavute, yameshikana mizizi.

Makuti 20 ya kivuli, 10,000.

12 Agosti 2023. Mkupuo wa kwanza, miche 30

Masika imepita bila la kusimulia zaidi ya kumwagilia na kupalilia. Miche iliyobaki ni 71, na 30 kati yake imefika unene wa penseli. Leo nimebebesha.

Vifaa: nyembe 1,000, nailoni ngumu nimeikata vipande vyembamba 2,000, spiriti ya kufutia nyembe 2,500. Vikonyo nimekata asubuhi kwenye mwembe wa jirani wa aina ya Bolibo, nikatoa majani palepale, nikaja navyo nyumbani. Nimekata shina kwenye sentimeta 20 hivi kutoka kwenye udongo, nikapasua katikati sentimeta 3, nikachonga kikonyo kama kabari, nikachomeka, nikafunga. Kazi ya saa tano. Nikapiga picha, nikamrushia kila mtu.

3 Septemba 2023. Maiti 28

Viwili vimechipua. Ishirini na nane vimekauka.

Badala ya kutupa nimekaa nikafungua kimoja kimoja, na hii ndiyo kazi iliyonifundisha kuliko video zote nilizotazama. Kikonyo kilikuwa kimesinyaa kama kijiti cha kiberiti. Ndani ya mpasuko kulikuwa na uwazi wa kupitisha kadi ya simu. Wembe unapinda ukikutana na mti, kwa hiyo kabari zangu zilitoka na mawimbi: zinagusa juu, zinagusa chini, katikati hewa. Kwenye kumi na moja nilikuta weusi wa ukungu, maana nilikuwa namwagilia kwa kopo kutokea juu na maji yanashuka moja kwa moja kwenye jeraha. Vile viwili vilivyopona vilikuwa vyembamba kama mashina yake, vimekaa sawasawa pande zote. Bahati tu.

Mashina 19 kati ya yale 28 yanachipua upya kutoka chini ya mkato. Msiyatupe, yatarudi kazini.

17 Septemba 2023. Kwa babu wa miche

Kuna mzee anauza miche kandokando ya barabara ya kwenda Tanga. Nimekubaliana naye 20,000 kwa siku nzima ya kunifundisha, nauli na chakula 6,000. Nilikwenda na vile vijiti vikavu ndani ya mfuko kama mtu anayepeleka kipimo hospitali.

Nikamwamkia, nikavimwaga mezani. Akavigeuza geuza.

"Mwanangu, hivi ulivikata lini mtini?"

"Siku ileile ya kubebesha, babu."

"Na majani uliyatoa lini?"

"Siku hiyohiyo."

"Basi vilikufa kabla hujafika nyumbani."

Akanipeleka kwenye mwembe wake mama, ule anaokatia vikonyo. Ncha unayoitaka, akasema, iwe imekomaa, rangi ya kijani iliyoiva, sio ile laini yenye majani mekundu wala iliyozeeka ikawa na ganda la kahawia. Siku saba mpaka kumi kabla ya kubebesha, kata majani ungali umeiacha mtini, ukibakiza vijiti vyake. Mti unadhani umeliwa na kitu, unapeleka chakula kwenye jicho la ncha, pale patakapochipua, jicho linavimba. Ukigusa vile vijiti vya majani vikadondoka vyenyewe, kikonyo kiko tayari. Jicho likishafunguka umechelewa.

Kisha akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia.

"Ahaa. Ukiunga vitambaa viwili unafuata katikati au unafuata pindo?"

"Pindo, babu."

"Na hapa fuata pindo."

Akabandua ganda la kijiti kwa ukucha, akanionyesha ule utando wa kijani unaoteleza kati ya ganda na mti. Hapo ndipo mti unapokulia, na hapo ndipo bebeo linaposhikia. Mti mweupe wa katikati hauungi na chochote. Kikonyo kikiwa chembamba kuliko shina, usikiweke katikati ili kipendeze, kisogeze upande mmoja ganda likutane na ganda, upande wa pili uache. Mkupuo wote ule mimi nilikuwa naweka katikati. Nilikuwa naviweka vizuri kwa macho, naviua.

Mchana wote alinikatisha vijiti vya mpera. Kisu kiende mara moja, kwa kuvuta mkono wote kuelekea kifuani huku kidole gumba kikiwa pembeni, sio kuchonga kidogo kidogo kama penseli. Ukimaliza unalaza bapa la kisu juu ya mkato na kuinua juani: mwanga ukipita kati ya kisu na mti, kata upya. Nilikata zaidi ya mia. Mwanga ulianza kukatika kwenye sabini na kitu, na gumba nalo lilikuwa limeshachanika mara mbili.

Nimenunua kisu chenye makali upande mmoja 15,000 na mkasi wa kupogolea 12,000. Ndivyo vitu pekee ambavyo sijawahi kujuta kuvinunua.

11 Novemba 2023. Mkupuo wa pili, miche 40

Vikonyo vimeandaliwa siku nane, vijiti vya majani vimedondoka nilipovigusa. Nimefuata pindo. Jambo jipya ni kofia: vile vifuko vyembamba virefu vya kugandishia lambalamba, pakiti 1,500. Unakivisha juu ya kikonyo mpaka chini ya jeraha, unakifunga. Ndani kunabaki unyevu na kikonyo hakikauki kikisubiri kuungana. Namwagilia udongo tu, kwa kopo lililokatwa mdomo.

Mvua imeanza kunyesha kwa hasira. Walishatuambia mwaka huu ni wa El Niño.

20 Januari 2024. Kumi na saba

Vimepona 17 kati ya 40. Nilitarajia thelathini. Nafungua tena maiti.

Safari hii kabari ni safi, naweza kusema bila aibu. Tatizo ni maji. Makuti yangu yanazuia jua, hayazuii mvua ya vuli ile, na nilikuwa nimefunga jeraha kwa kuzungusha kutoka juu kwenda chini. Hebu fikiria bati lililopigwa la juu likaingia chini ya la chini: kila mzunguko ni mfereji wa kuingiza maji. Anza chini, panda juu, ili kila mzunguko ulalie ule wa chini yake. Nilipewa somo hili kwa babu, nikalisahau kwa sababu mkono wangu umezoea kuzungusha uzi kwenye bobini kwa namna nyingine.

Dawa ya ukungu yenye shaba nilinunua 8,000 baada ya madhara kutokea. Ilisaidia dhidi ya chule, ugonjwa wa madoa meusi, kwenye majani ya miche mizima, kwa vikonyo haikufufua hata kimoja.

Mashina 20 kati ya 23 yamechipua chini. Pia nimepanda kokwa mpya kumi na tano, tumbo chini.

15 Juni 2024. Mkupuo wa tatu, miche 50

Huu ndio mwezi wangu. Masika imeondoka, kusi inavuma, jua si kali, na miembe iliyochipua baada ya mavuno ncha zake sasa zimekomaa. Wenzangu wa sehemu nyingine mtapata mwezi wenu, lakini kanuni ndiyo hiyo: tafuta majira ambayo mti mama una ncha zilizokomaa na hewa haikaushi wala hailoweshi.

Mashina ni 19 ya mkupuo wa kwanza, 20 ya mkupuo wa pili na 11 mapya. Vikonyo vya Bolibo nimevifuata kwa babu, vya Dodo, aina nyingine ya embe, kwa mama mmoja wa mtaa wa pili ambaye malipo yake ni kushonewa sare ya mtoto. Nauli 6,000, lambalamba 1,500, tepu laini inayovutika 3,000. Vikonyo vimesafiri ndani ya kanga iliyolowanishwa na kukamuliwa, kwenye kikapu, bila kuonja jua. Natoa kimoja, nabebesha, ndipo natoa kingine.

Kasi yangu sasa ni dakika tatu kwa mche. Agosti ile ilikuwa kumi.

*Nyongeza, 20 Julai:* vimepona 38. Nimehesabu mara mbili, kisha nikamwita mjomba ahesabu yeye.

14 Julai 2024. Mwembe wa mjomba

Mjomba ameona miche inakubali, amekuja na hoja: kwa nini tupande mwenzake wakati huu wenyewe unaweza kubadilishwa kichwa? Inawezekana kweli. Unakata mwembe mkubwa, unasubiri uchipue, unabebesha machipukizi. Mizizi ya miaka thelathini inabaki kazini.

Vijana wa msumeno 15,000. Tumekata matawi yote, tumebakiza kisiki cha mita moja na nusu na mikono mitatu mifupi. Ua umekuwa mweupe kama uwanja wa mpira. Majimoto, wale sisimizi wakali waliokuwa wamejenga viota vya majani huko juu, wametulipa sote, mimi wamenipata shingoni. Ningewaachia tawi lao kama ningejua nilichosoma baadaye, kwamba wanawinda wadudu wa mwembe, nzi wa matunda nao hawapendi kutaga wanapopita.

*Nyongeza, 18 Agosti:* Tumekosea, na kosa ni kubwa. Ganda ambalo miaka yote lilikuwa kivulini limekutana na jua la mchana. Upande wa magharibi limebabuka, limepasuka kwa urefu wa mkono mzima na utomvu unatoka. Ilitakiwa tubakize tawi moja lenye majani, ili lilishe mizizi na kutia kivuli mpaka machipukizi yakue, na tupake chokaa siku ileile ya kukata. Nimepaka leo, 3,000, kama mtu anayefunga zizi ng'ombe wakiwa shambani kwa watu. Upande wa mashariki macho yanatokeza. Mjomba hajasema neno, anaupitia kila asubuhi kwenda kupiga mswaki anautazama.

29 Septemba 2024. Tepu

Miche 57 hai kwenye kitalu, nimejaa kiburi, nikapata oda ya gauni za harusi. Wiki tano sikukigusa kitalu zaidi ya kumwagilia.

Leo nimeona mche mmoja una uvimbe juu ya bebeo na kiuno chembamba chini yake, kama chupa ya soda. Ni ule wa mwanzo kabisa, niliofunga kwa nailoni ngumu. Nilipougusa umevunjika palepale kwenye kiuno. Miwili mingine ya mkupuo wa pili imevunjika nilipokuwa nafungua. Tepu ngumu haipanuki, shina linanenepa, linajinyonga.

Rekebisho: kofia ya lambalamba toa jioni, majani mapya yakishafunguka na kuanza kukolea. Tepu ya jeraha iache miezi miwili mpaka mitatu, kisha ikate kwa ncha ya wembe upande ulio kinyume na mshono. Hata kama hujaona dalili yoyote. Nimeandika tarehe za kufungua kwenye kalenda ya ukutani ya dukani, kati ya tarehe za wateja.

Wiki hiyohiyo mbuzi wa jirani ameingia akala vichwa vya miche minne. Imebaki 50. Kuhusu mbuzi sina ufundi wa kuwafundisha.

24 Novemba 2024. Majina yamefutika

Mkupuo wa tatu niliuandika kwa kalamu ya wino mnene kwenye karatasi ya gundi: B kwa Bolibo, D kwa Dodo. Jua na maji vimekula wino. Miche 9 haina jina, na jani la mche mchanga wa Bolibo na la Dodo mimi siwezi kuyatofautisha. Babu nimempelekea picha, amesema hata yeye hawezi kuapa.

Kibaya zaidi, mitatu ya hiyo nilishaiuza kwa baba mmoja kama Bolibo. Nimelala nalo siku mbili. Siku ya tatu nimemfuata nikamwambia ukweli, nikamwambia achague: fedha, miche mingine yenye jina, au akae nayo. Amecheka, amesema Dodo nalo ni embe, akae nayo, ila nimwongezee punguzo la kushona suruali. Nimemshonea bure.

Sasa naandika kwa msumari juu ya vipande vya kopo la soda. Bati laini linabaki na mchoro, unatoboa tundu, unafunga kwa uzi kwenye kiriba, sio kwenye shina (rudi juu usome habari ya kiuno).

Sita waliobaki bila jina nimewatenga pembeni. Mjomba ameuliza bei yake. Nimemwambia hao hawauziki. Amesema basi ni wake.

8 Desemba 2024. Kichwa kipya

Kisiki kimetoa machipukizi yasiyohesabika. Mwezi wa kumi nilibakiza manane yaliyotawanyika vizuri upande ulio mzima, mengine nikayaondoa. Sita yamefika unene wa penseli, leo nimeyabebesha Bolibo. Vikonyo nimevipata kwa shida kwani mti mama una matunda. Siri niliyopewa ni kutafuta tawi ambalo mwaka huu halikuzaa, ncha zake ndizo zenye nguvu.

*Nyongeza, 2 Februari 2025:* vilipona vinne. Kaskazi ya Januari imeangusha kimoja, hakikuvunjika kwenye bebeo, chipukizi zima limeng'oka kwenye kisiki. Chipukizi lililotoka kwenye ganda la mti wa zamani limebandikwa tu juu yake mwanzoni, halijashika ndani. Vitatu vilivyobaki nimevifungia fito, zimekazwa kwenye kisiki kwa kamba ya katani na kwenye chipukizi kwa mabaki ya kitambaa kilaini. Jeraha la magharibi limeanza kuoza ndani. Sijui mimi na mjomba nani atatangulia kusema ule upande ukatwe.

20 Aprili 2025. Kuhamishia shambani

Mashimo ya sentimeta 60 kila upande, udongo wa juu ukawekwa kando na kurudishwa chini ukiwa umechanganywa na madebe mawili ya samadi, nafasi mita 8. Bebeo likae juu ya udongo, kiganja kizima. Kumi na minne kwangu, sita isiyo na jina kwa mjomba.

Chochote kinachochipua chini ya bebeo kiondoe kikiwa kidogo. Hilo ni shina linataka kurudisha embe lake, na lina nguvu kuliko kikonyo.

27 Julai 2025. Ugomvi wa maua

Miche haijanifika kifuani, tayari mitano imetoa maua. Kikonyo kimetoka kwenye mti mzima, chenyewe hakijui kwamba sasa kina mizizi ya mtoto. Ukiacha, nguvu yote inakwenda kwenye vitunda vitakavyodondoka na mti unadumaa. Nimeyakata yote kwangu. Kisha nimechukua mkasi nikaenda kwa mjomba.

"Mti umeshika mimba wewe unautoa?"

"Mjomba, ni mtoto huu. Subiri miaka miwili, mitatu."

"Mimi nina miaka sabini na moja, mwanangu. Hiyo miaka mitatu unanikopesha wewe?"

Nimekata ya miche miwili mbele yake. Wa tatu, ule wa karibu na choo, nilisema nitarudi.

9 Novemba 2025. Hesabu, na embe moja

Matumizi yote tangu Januari 2023 ni 128,500. Nimeuza miche 24 kwa 4,000, jumla 96,000. Pengo ni 32,500, bila kuhesabu maji, wala suruali ya yule baba, wala saa zangu. Ukiondoa kisu, mkasi na siku ya babu, vitu ambavyo silipi tena, mkupuo wa Juni peke yake ulilipa gharama zake na zaidi. Kitaluni imebaki sita, na mashina mapya 90 yana unene wa kutosha kwa Juni ijayo. Kwenye kisiki vichwa vitatu vya Bolibo vimepita bati la jiko kwa urefu. Upande wa magharibi tuliukata Agosti, alitangulia mjomba kusema.

Ule mche wa karibu na choo sikurudi kuukata maua. Leo nimepita nikakuta tawi lake limeegemezwa kwenye fito yenye panda, na chini ya majani linaning'inia embe moja, kubwa kuliko yai la bata, limefunikwa mfuko wa khaki wa sukari uliolowana na kuraruka. Mjomba kaufunga kwa ajili ya nzi wa matunda. Ni mmoja wa wale sita wasio na jina. Nimelipima kwa macho: mwanzoni nikasema ni refu, Bolibo. Nikazunguka upande wa pili, likaonekana limejaa mabega, Dodo.

Mjomba ametoka na mswaki mdomoni, ameniomba nimshonee kifuko cha kitambaa cha chandarua, chenye kamba ya kukazia, na niache nafasi kwa sababu bado linakua. Nimekata inchi saba kwa tisa.